Balbu Ikifa, Uliza Imekufaje

Kuna kanuni ambayo karibu kila aliyepita darasa la sayansi anaikumbuka: kwenye saketi ya mfululizo, vifaa vikifuatana kwenye njia moja, balbu moja ikiungua zote zinazimika, na kwenye saketi sambamba, kila kifaa kikiwa na njia yake, moja ikiungua nyingine zinaendelea kuwaka. Watu wanaikariri, wanajibia mtihani, wanapata alama zao. Siku wanapokutana na umeme wenyewe, kanuni ile inawaacha njiani, kwa sababu ni nusu tu ya habari.

Nusu iliyoachwa ni swali ambalo fundi mzoefu huanza nalo kabla hajagusa chochote: kifaa kimekufaje? Kimekatika, au kimepiga shoti? Kukatika ni njia ya umeme kuvunjika ndani ya kifaa, mkondo ukakosa pa kupita. Kupiga shoti ni kinyume chake: umeme unapata njia ya mkato, unavuka kifaa bila kufanya kazi yoyote, kana kwamba pale pamewekwa kipande cha waya mtupu. Kanuni ya darasani inahusu kukatika peke yake. Badilisha aina ya kifo, na majibu yote yanageuka. Kwenye mfululizo, balbu iliyopiga shoti inaziacha wenzake ziking'aa kuliko mwanzo. Kwenye sambamba, balbu iliyopiga shoti inazima kila kitu.

Nimefundisha mambo haya kwa muda na bado naona jinsi yanavyochanganya, hata kwa watu wenye akili kali sana. Nadhani chanzo ni picha tuliyo nayo kichwani, kwamba kifaa kibovu ni kifaa kilichoondoka. Hakijaondoka. Kiko palepale, kimebanwa na skrubu zake, na kinaendelea kuamua wenzake wapate volti ngapi.

Tuanze na mfululizo, na tuanze na kukatika. Chukua betri ya volti 12 na balbu tatu zinazofanana, kila moja ikiwa na ukinzani, yaani kizuizi cha mkondo, wa ohmu 4, zimeungwa moja baada ya nyingine. Jumla ni ohmu 12, mkondo ni ampea 1, na kila balbu inapata volti 4. Sasa uzi wa balbu ya kati umekatika. Zote zimezimika. Hapo ndipo masomo mengi yanapoishia, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa matamu.

Chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye volti, gusisha ncha zake pande mbili za balbu ya kwanza. Sifuri. Nenda balbu ya tatu. Sifuri. Rudi kwenye ile ya kati, iliyokufa: volti 12 kamili, betri nzima. Mwanafunzi anayeliona hili kwa mara ya kwanza hudhani mita imeharibika, kwa sababu kila hisia inamwambia umeme uko kwenye balbu nzima na haupo kwenye balbu mbovu. Lakini tafakari. Balbu hupokea volti zake kwa sababu mkondo unapita ndani ya ukinzani wake. Mkondo ukiwa sifuri, ohmu 4 mara sifuri ni sifuri, kwa hiyo balbu nzima hazibaki na chochote. Mwanafizikia Mjerumani Gustav Kirchhoff alilionyesha mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi wa miaka 21: ukizunguka saketi yote, volti za vifaa lazima zilingane na volti za chanzo. Kama balbu mbili hazichukui chochote, zote 12 zinaangukia pale penye pengo. Hazina pengine pa kwenda.

Mita yenyewe inafanya kazi kwa sababu nayo ina ukinzani, kwa kawaida ohmu milioni 10 kwa mita za kidijitali. Inaziba pengo kwa njia nyembamba mno, mkondo wa kama sehemu 1.2 za milioni ya ampea, ambao hauwezi kuwasha kitu chochote lakini unatosha mita kusoma. Kutokana na hili mafundi wamepata njia nzuri ya kutafuta ubovu kwenye mfululizo: usitafute mahali penye sifuri, tafuta mahali penye volti zote. Hapo ndipo palipokatika.

Ila ujanja huo una mpaka wake. Zikikatika balbu mbili kwa pamoja, ukipima moja moja, zote tatu zinaweza kukusomea sifuri, maana hata ukiziba pengo moja kwa mita, pengo la pili bado limefunga njia. Hapo unabadilisha mbinu. Ncha moja ya mita unaiacha kwenye upande hasi wa betri, haiondoki. Nyingine unatembea nayo kutoka upande chanya, kituo hadi kituo. Volti 12, volti 12, halafu ghafla hakuna. Umepita pengo la kwanza. Unaliziba, unaendelea.

Jambo hili si la kufurahisha akili tu. Fikiria saketi hiyohiyo ikiwa inalishwa na umeme wa volti 230 badala ya betri. Taa zimezimika zote, mtu anaona giza, anasema umeme haupo, anachomoa balbu mbovu kwa vidole. Pande mbili za pengo lile zina tofauti ya volti 230, na mwili wake ndio kitu cha kwanza kinachojitolea kuziba. Taa iliyozimika haikuambii kwamba umeme haupo. Inakuambia tu kwamba mkondo haupiti. Ningependa sentensi hiyo iandikwe kwenye kila kitabu cha fizikia, ukurasa uleule wenye kanuni ya balbu moja ikizima zote.

Sasa kifo cha pili kwenye mfululizo huohuo. Balbu ya kati haijakatika, imepiga shoti. Ukinzani uliobaki ni ohmu 8, mkondo umepanda hadi ampea 1.5, na kila balbu iliyobaki inapata volti 6 badala ya 4. Nguvu yake imetoka wati 4 hadi wati 9. Kwa balbu ya uzi halisi haifiki 9 kamili, kwa kuwa uzi ukizidi moto ukinzani wake nao hupanda, lakini inapita 4 kwa mbali. Angalia pia jumla: mwanzo saketi ilikuwa ikila wati 12, sasa inakaribia 18. Taa imepungua moja na matumizi yameongezeka. Balbu mbili zilizobaki zinang'aa vizuri, mpita njia anafurahia, kumbe zinakula maisha yao. Ikipiga shoti moja tena, ya mwisho itabeba volti zote 12 peke yake.

Waliotengeneza mataa madogo ya mapambo, yale ya kamba ndefu, waliutumia ukweli huu kwa makusudi, na mimi huona ni moja ya vitu vya werevu sana kuwahi kuwekwa ndani ya kitu cha bei rahisi. Kamba ya balbu 50 kwenye umeme wa volti 120 ni mfululizo mtupu, kila balbu volti 2.4. Kwa kanuni ya kukatika, balbu moja ikiungua kamba nzima ingezimika na ungetafuta mbovu hadi uchoke. Lakini chukua kimoja cha vibalbu hivyo, kitazame karibu dhidi ya mwanga. Chini ya uzi, mahali nguzo mbili za waya zinapoingia kwenye kioo, utaona waya mwembamba umezungushwa kuziunganisha nguzo hizo. Waya huo umefunikwa na tabaka la oksaidi lisilopitisha umeme kwenye volti 2.4, hivyo siku zote umekaa kimya. Uzi ukikatika, nini kinatokea? Kile tulichokiona kwenye mita: volti zote 120 zinaangukia pale penye pengo. Tabaka lile halihimili volti 120. Linapasuka, waya unagusa nguzo, balbu iliyokatika inageuka kuwa balbu iliyopiga shoti, na kamba inawaka tena bila mtu kunyanyua mkono. Dalili ya ugonjwa ndiyo inayoamsha dawa.

Gharama yake umeshaijua. Balbu tano zikifa hivyo, 45 zilizobaki zinagawana volti 120, karibu 2.67 kila moja, na balbu ya uzi ikiongezewa volti kidogo tu umri wake hupungua kwa kasi. Ndiyo maana kamba iliyoachiwa balbu chache mbovu huharibika taratibu, kisha kwa haraka. Na ukiing'oa balbu kwenye kitundu chake, umeondoka nayo pamoja na waya wake mwokozi, na kamba yote inazimika.

Fikra hiyohiyo, kwa kiwango kikubwa, inaongoza ndege kutua usiku. Taa nyingi za njia za ndege zimeungwa kwa mfululizo, zikilishwa na kidhibiti kinachoshikilia mkondo usibadilike, kwa kawaida ampea 6.6 kwenye mwanga wa juu kabisa. Sababu ni nzuri: kebo inaenda kilomita kadhaa, na kwenye mfululizo mkondo ni uleule kila mahali, hivyo taa ya mwisho inang'aa sawa na ya kwanza. Ili taa moja isizime njia nzima, kila taa hupewa transfoma yake ndogo, kifaa kinachopitisha nguvu ya umeme kati ya koili mbili zisizogusana. Kilichomo kwenye mfululizo ni transfoma, na taa iko upande wa pili. Taa ikiungua, mkondo wa kebo unaendelea kupita ndani ya transfoma na rubani anaona nukta moja imekosekana. Mvumbuzi Mmarekani Charles Brush alikuwa ameshaliona tatizo hili karne ya 19. Taa zake za tao, zinazotoa mwanga kwa umeme unaoruka kati ya fimbo mbili za kaboni, zilizowashwa kwenye uwanja wa umma wa Cleveland, Marekani, tarehe 29 Aprili 1879, zilikuwa 12 kwenye mfululizo, na mitambo yake ilikuwa na njia ya akiba ya kuipita taa iliyogoma.

Thomas Edison alichagua sambamba. Kituo chake cha kuzalisha umeme cha Pearl Street, New York, kilichoanza Septemba 1882, kilimpa kila mteja volti zilezile, na kila taa ikazimwa na kuwashwa bila kuuliza jirani. Tunaishi na uamuzi huo mpaka leo, na kwa upande wa kukatika sina mengi ya kusema, kwa kuwa sambamba hapo inafanya kile inachosifiwa. Balbu tatu za ohmu 12 kwenye volti 12 zinavuta ampea 3 kwa jumla. Moja ikikatika zinabaki ampea 2, na mbili zilizosalia hazijui lolote. Labda zitang'aa zaidi kidogo sana, kwa sababu betri imepunguziwa mzigo na volti zake zimepanda kiasi. Basi.

Lakini moja ikipiga shoti, usawa ule wa sambamba unageuka mtego. Vifaa vyote vinashika nukta mbili zilezile, na sasa nukta hizo mbili zimeunganishwa na waya mtupu. Volti kati yake zinaporomoka karibu na sifuri, kwa hiyo balbu nzima zinazimika zikiwa na afya njema, na chanzo kinamwaga mkondo wote kinaoweza. Kwenye umeme wa volti 230, kama nyaya za kwenda na kurudi zina ukinzani wa ohmu 0.2, unazungumzia zaidi ya ampea 1,000 kwa mpigo mmoja. Nyaya zilizotengenezwa kwa ampea 20 haziwezi kubeba hiyo ila kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hapo ndipo fyuzi inapokuwa mbuzi wa kafara, na angalia mahali ilipowekwa: kwa mfululizo, mlangoni, kabla ya matawi yote. Ili kuilinda sambamba, tumechomeka ndani yake kipande kimoja cha mfululizo ambacho kazi yake ni kukatika mapema na kwa hakika. Sifa ile tunayoilaumu kwenye mfululizo, kwamba mmoja akikatika wote wanasimama, ndiyo tunayoitegemea kutuokoa na moto.

Vifaa vya kweli, hata hivyo, mara chache huwa mfululizo mtupu au sambamba tupu. Vua kofia ya plastiki ya balbu ya LED iliyozimika, ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Utaona vijitaa vya manjano vimepangwa kwenye sahani ya alumini, na mara nyingi kimoja kina nukta nyeusi katikati kama tundu la sindano. Hicho ndicho kilichokufa. Kwenye balbu nyingi vijitaa hivyo vimeungwa kwa mfululizo, ndiyo maana kimoja kimezima vyote. Utepe wa LED wa volti 12 ni tofauti: vijitaa vitatu vitatu na kikinza chake, kipande cha kupunguza mkondo, kwa mfululizo, kisha makundi hayo kwa sambamba. Ndiyo sababu utepe ukiharibika unazimika kipande kifupi cha vijitaa vitatu na mwingine wote unawaka. Ukiona hivyo umeshasoma mchoro wa saketi bila kufungua chochote. Paneli za jua nazo zina mpangilio wake: uliozoeleka ni seli 60 au 72 kwa mfululizo, na kwa kawaida dayodi tatu za akiba, vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kila moja ikilinda theluthi ya seli. Jani kubwa likiangukia seli moja, seli hiyo inageuka mzigo kwa wenzake na inaweza kuungua. Dayodi inafungua njia ya pembeni, na unapoteza theluthi moja badala ya yote.

Lakini mfano ambao ningemchagulia mtu yeyote, kama angeruhusiwa kuelewa mmoja tu, ni wa kukatika kwa waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme.

Kwenye mifumo mingi ya umeme duniani kuna fezi tatu, nyaya zinazoleta umeme, na nyutro moja. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna 400. Majengo yanagawiwa fezi tofauti, wote wanatumia nyutro moja, na kila mmoja anapata 230 zake kwa sambamba. Jengo la kwanza limewasha hita ya wati 2,300, yaani ohmu 23. La pili, lililo kwenye fezi nyingine, limewasha televisheni peke yake, wati 230, ambayo tuihesabu kama ohmu 230. Sasa nyutro ya pamoja imekatika huko nyuma, kwenye nguzo. Hakuna kifaa kilichoharibika ndani ya majengo, hakuna fezi iliyokatika. Lakini mkondo wa jengo la kwanza, ukitafuta njia ya kurudi, unaikuta nyutro ya jengo la pili, unapita ndani ya televisheni, unatokea fezi ya pili. Majengo mawili yaliyokuwa sambamba kwenye volti 230 sasa yako mfululizo kwenye volti 400.

Piga hesabu. Ohmu 23 na 230 ni 253. Mkondo ni ampea 1.58. Jengo lenye hita linapata volti 36, taa zake zinafifia hadi kuwa nyekundu. Jengo lenye televisheni linapata volti 364. Mwenye matumizi madogo ndiye anayeunguziwa. Kisha endelea na swali letu: televisheni ile imekufaje? Ikikatika, hita nayo inazimika, kwa kuwa ilikuwa ikipitia humo. Ikipiga shoti, hita inakabidhiwa volti zote 400 mpaka fyuzi ya mmoja wao ikatike. Watu wawili wasiojuana, na hatima ya kifaa cha mmoja imeshikwa na namna kifaa cha mwingine kilivyokufa. Ukiona taa zimefifia sehemu moja na sehemu nyingine zinang'aa kupita kiasi, usisubiri kuelewa. Zima swichi kuu kwanza.

Kwenye fezi moja nyutro ikikatika mambo ni mapole kidogo, vitu vyote vinazimika, ila kuna dalili inayochanganya. Bisibisi ya kupimia, ile yenye kijitaa cha neoni, inawaka kwenye matundu yote mawili ya soketi. Fezi imepita ndani ya kifaa fulani kilichoachwa kimewashwa, imetokea upande wa nyutro, na imekosa pa kwenda. Ni volti kamili ng'ambo ya pengo, zilezile za balbu tatu.

Nimebakiza kifo cha tatu, ambacho si cha kukatika wala cha shoti, na ndicho ninachokiogopa zaidi. Skrubu imelegea, waya umeshika kwa nyuzi mbili tatu, mguso umepata kutu. Pale panaota ukinzani mdogo, tuseme ohmu 0.5, ambao umejiingiza kwa mfululizo na kila kitu kilicho mbele yake. Ukipitisha ampea 10, ampea mara ampea mara ukinzani, wati 50 za joto zinazaliwa ndani ya nafasi ya ukubwa wa punje ya mahindi, nyuma ya kifuniko cha plastiki. Fyuzi haiwezi kusaidia. Fyuzi inaona mkondo tu, na mkondo umepungua kidogo kwa sababu ukinzani umeongezeka, kwa hiyo kwa fyuzi kila kitu kiko salama kuliko jana.

Mita pia inadanganyika hapa ukiitumia vibaya. Waya wa gari uliobakiza uzi mmoja utakusomea volti 12 nzuri kabisa kama hakuna kilichowashwa, kwani mkondo wa mita ni mdogo mno kuonyesha udhaifu wowote. Washa taa kubwa kwanza, mzigo uwe unavuta, kisha weka ncha za mita kwenye ncha mbili za muungano wenyewe, upande huu na upande ule. Muungano mzima utasoma karibu sifuri. Ukisoma volti 2 au 3 hapo, hizo ni volti ambazo taa ilipaswa kuzipata, na umeshika mahali penyewe.